Bangili Kabatini

Siku hizi kila mzazi hutoka hospitali na bangili mkononi. Mtoto akikaribia kuona njaa, kabla hajafungua kinywa, bangili hutetemeka. Ananyonyeshwa, usingizi unampitia, nyumba inabaki kimya. Vilio vya watoto wachanga vimebaki kuwa hadithi za wazee.

Namkunda hajamaliza arobaini ya uzazi, shangazi yake, Bi Nakiete, akaja kumtazama na chupa ya uji wa pilipili manga.

"Huyu analiaje?" aliuliza. "Kama baba yake?"

"Hajawahi kulia, shangazi. Hana sababu."

 Shangazi alimimina uji.

Mchana, shangazi alipojilaza, Namkunda aliivua bangili, akaifungia kabatini, akakaa kando ya mtoto. Mtoto aliamka. Alitafuta ziwa huku na huku, akanyonya ngumi yake, akatulia, macho wazi. Maziwa yakaanza kumvuja Namkunda, yakalowesha kanga. Kabatini, bangili ilikuwa ikigonga mbao.

"Lia basi, mwanangu," alimnong'oneza. "Kidogo tu."

Mtoto aliligeukia kabati, akangoja.