Dubu Tumboni

Sheria ilitaka kila mtoto alelewe kwa lugha moja iliyokaribia kufa, na nyumba ya Sikudhani, pale Korogwe, ikapangiwa Kikonwali, lugha ya pembe moja ya Uingereza. Mpaka binti yao Hiari atimize miaka saba, wazazi wake wasimsemeshe kwa lugha nyingine. Walijifunza kwa vitabu vya watoto vilivyotafsiriwa. Kila jioni Sikudhani, hoi kwa kushinda sokoni, alimsomea binti yake habari za dubu na sungura mpaka ulimi ukawa mzito.

Alasiri moja Hiari alijikunja mkekani, jasho likimtoka. "Arth," alisema, akishika tumbo.

Sikudhani alimfuata mumewe jikoni. "Mhando, anasema ana dubu tumboni. Kuumwa kwa Kikonwali wanasemaje?"

"Sijui. Kwenye vitabu vyao hakuna anayeumwa."

Sikudhani alirudi, akapiga magoti. "Mwanangu, panauma wapi? Hapa? Au huku?"

Alikuwa hajawahi kumsemesha Kiswahili. Hiari alimkodolea macho, akapiga yowe, akajiburuta hadi miguuni kwa baba yake, kama aliyeona mgeni amevaa sura ya mama.

Hospitalini alipasuliwa kidole tumbo, akapona. Sasa anakula na kucheza vizuri. Ila mama yake akimwita, haji mara moja. Husimama mlangoni kwanza, akaitazama midomo yake, akisubiri kujua ni mama yupi atakayezungumza.