Dawa ya Wahesabu Nyuki

Wanaohesabu nyuki wa mwitu hifadhini hunywa dawa ya kuondoa harufu ya mwili, ili nyuki wasishtuke. Tangu Kabula aanze kuinywa, mwanawe Shija alikuwa akinyonya huku akilia, akimsukuma kama mgeni.

“Hakujui, mama Shija,” mkwewe alimwambia. “Akinusa anakuta ukuta! Acha kazi hiyo.”

“Nyuki wananitembelea hadi kwenye kope, mama. Nitaiachaje?”

Jioni moja Shija alishika titi, akanyonya kwa utulivu mpaka akashiba. Mkwewe akapiga vigelegele. Kabula akacheka kwa furaha, akainama kumnusa mwanawe utosini.

Hakusikia harufu yoyote. Akanusa tena, kisha akamnyooshea mkwewe mtoto.

“Mama, hebu mnuse na wewe. Au dawa imepita kwenye maziwa?”