Sheria Ndani ya Seva

Mfumo ulikataa tena. Ponsian alikuwa amejaribu kwa simu yake, ukakataa. Sasa kajaribu kwa kompyuta ya kaunta, umekataa vilevile. Marehemu hakupokelewa.

Jeniffer, karani wa chama cha kuzikana pale Kashaulili, alicheka. "Kaka Ponsian, leo umenasa kwenye mtego wako mwenyewe."

Mfumo huo aliutengeneza Ponsian. Usipompokea marehemu, ujumbe hauendi kwa wanachama na wachimba kaburi hawatoki. Alizoea kuja kuujaribu kwa marehemu wa kubuni, na Jeniffer alidhani leo ni hayohayo, ingawa macho ya Ponsian yalikuwa mekundu na vifungo vya shati vimepishana.

"Wifi Verdiana amekuachaje utoke hivyo?"

Ponsian alibonyeza kitufe tena.

Makarani walikuwa na kosa lao sugu: kuandika tarehe ya leo kwenye kuzaliwa, kisha hiyohiyo kwenye kufa. Ndivyo mzee Lyamba wa Mwamkulu, mtu mwenye wajukuu tele, alivyotangazwa amekufa siku aliyozaliwa, na ukoo mzima ukanuna. Ponsian akatunga sheria: tarehe mbili zikifanana, kataa. Jeniffer alimwomba aiweke kwenye kompyuta ya kaunta tu, karani apewe onyo kisha aamue mwenyewe. Ponsian aligoma katakata. Aliiweka ndani ya seva, ambako kila simu na kila kompyuta lazima ipite, pasiwe na mtu wa kubembelezwa.

Sasa alikuwa ameshika ufunguo wa chumba cha seva. "Naenda kuitoa."

"Usiitoe, kaka. Si ulituambia nyie makarani mna huruma sana? Umekosea tu kama sisi." Jeniffer alivuta kibodi. Alimpenda huyu kijana kama ndugu, na utani ulikuwa ndiyo salamu yao. "Nitajie, niandike mimi. Kuzaliwa?"

"Leo."

"Hapo ndipo unapokosea. Hiyo ni ya kufa. Nataka ya kuzaliwa."

Ponsian aliketi kwenye benchi la wafiwa.

"Ni hiyohiyo, dada. Verdiana yuko wodini, bado anauliza mtoto anafanana na nani."