Upande wa Nyuma wa Boriti

Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, akiipaka boriti ya chuma iliyobeba ghorofa mpya, sebuleni kwa mdogo wake, rangi nzito ya kuzuia moto, ili chuma kisilegee nyumba ikiungua. Upande wa nyuma aliuacha mtupu makusudi. Kesho dari ingeufunika, nani angejua?

Alimwonea wivu mdogo wake. Nyumba imepandishwa ghorofa, na sasa hata mama yao, aliyeishi kwake yeye fundi miaka yote, anahamia huku.

"Mwanangu!" mama aliita kutoka chumba kipya cha juu, palepale juu ya boriti. "Kitanda changu kitakaa hapa. Mdogo wako alitaka fundi mwingine, nikamwambia, 'Bila mkono wa kaka yako silali humu.'"

Tone zito la rangi lilimdondokea kiatuni.

"Mama," alisema, "waambie mafundi wa dari wasubiri. Sijamaliza."