Maziwa ya Saa Mbili

Baridi ilipoanza kugandisha maji ndooni, Bi Kidawa muuza maziwa alibadili ratiba ya Tarishi, farasi wake. Sasa alimpa kwanza maji ya uvuguvugu na pumba, akamsugua mgongo, ndipo akamfunga kwenye mkokoteni, saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Hakujua kwamba mji mzima ulikuwa ukiamshwa na kwato zile.

Siku ya tatu Mwalimu Mkuu Shangali alifika bandani akihema.

"Bi Kidawa, shule nzima inachelewa, na wa kwanza ni mimi! Mtoe mapema, tafadhali."

"Mzee huyu, Mwalimu. Alfajiri anatetemeka mwili mzima. Akinifia, mkokoteni utauvuta wewe?"

Mwalimu alimtazama farasi, farasi naye akamtazama. Mwishowe akavua koti lake refu jeusi, akamfunika nalo mgongoni. Bi Kidawa akafunga vifungo huku akijizuia kucheka.

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, kwato ziligonga barabarani. Ukungu ulikuwa mzito. Mkokoteni ulipokaribia shule, wanafunzi waliliona koti likija, wakasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Tarishi akapunguza mwendo, akageuza kichwa.