Kola ya Bonge

Binti alibonyeza kitufe ndani ya mfuko wa sweta, na kule uani mbwa akapiga ukelele kama mtoto aliyeungua.

"Unaona, baba?" akasema, uso mkavu. "Hata leo hajampenda."

Msusi alisimama palepale karibu na geti, kapu lake la vitana na mafuta mkononi, asithubutu kupiga hatua. Mbwa alikuwa amejikunyata chini ya ngazi akimtolea meno. Na mbwa mwenyewe si wa mchezo, jibwa jeusi lenye kifua kama mlango, ndiyo maana wakamwita Bonge. Baba mtu, kwenye kiti chake barazani, aliinamisha kichwa.

Baba alifiwa na mke, na sasa alitaka kumwoa yule msusi. Msusi naye alimtaka kweli, si utani. Lakini Bonge alikuwa mbwa wa marehemu, alilala mlangoni kwake mpaka siku ya mwisho, na marehemu aliwaachia imani moja watu wa nyumba ile: Bonge hakosei kumjua mtu mbaya. Fundi bomba aliyebwekewa hakuitwa tena. Mchumba wa kwanza wa binti naye aliondoshwa hivyohivyo. Kwa hiyo baba alisema neno moja tu. Bonge akimkubali, ndoa ipo. Akimkataa, basi.

Binti ndiye aliyejitolea kusaidia, mwema kupindukia. Alinunua kola ya umeme, akamvisha Bonge, akamwambia baba ni ya kumtia adabu, kwamba akimtolea mgeni meno atapigwa shoti kidogo. Muuzaji alimwonya vizuri sana.

"Usibonyeze mbwa akiwa ametulia karibu na mtu, dada. Yeye hajui habari za rimoti. Atadhani mtu huyo ndiye anayemchoma, na hatasahau."

Binti alimshukuru. Hicho hasa ndicho alichokuwa anakitafuta.

Basi kila msusi alipokuja na Bonge akamwendea mkia unacheza, kidole kilifanya kazi mfukoni. Mbwa akirudi nyuma, maumivu yanakatika. Haukupita muda, Bonge akawa anatetemeka hata kabla geti halijafunguliwa, maana harufu ya karafuu ilimtangulia msusi toka njiani. Mafuta yale ya karafuu aliyachanganya mwenyewe, na wateja wake walijulikana mtaa mzima kwa kunukia.

"Pole, mama mdogo," binti alimwambia kila akimsindikiza. "Mpe muda tu, atakuzoea."

Kisha alirudi ndani akicheka peke yake. Kitanda cha mama yake hakitalaliwa na mtu anayenuka karafuu, labda yeye awe amekufa.

Mara moja tu mambo nusura yaharibike. Siku hiyo msusi hakufungua saluni. Alikuja ametoka kuoga, mikono inanukia sabuni. Binti alikuwa bafuni, na alipotoka alimkuta Bonge amejilaza miguuni kwa yule mwanamke, macho yamelegea, anakunwa shingo. Akapandisha rimoti hadi mwisho, akabonyeza.

Mbwa alirushwa pembeni, akajikojolea. Msusi alitoa mkono wake chini ya kola, umekufa ganzi, akautazama. Vidole vilikuwa vimelowa majimaji ya kidonda. Kisha akautazama mkono wa binti.

Baba aliyaona hayo kutoka dirishani, akavunjika moyo. "Nisamehe," alimwambia msusi. "Siwezi kumkosea marehemu." Na machozi yalimtoka, mtu mzima yule.

Msusi alirudi mara ya mwisho kuaga. Baba alikuwa ametoka makusudi, hakutaka kumwona akiondoka. Bonge alikuwa amefungiwa bandani. Binti alimkaribisha kiti, akampa na maji ya kunywa, maana kushinda kulimfanya awe na adabu.

"Nilikuahidi siku moja nitakusuka, mwanangu," msusi alisema. "Sipendi kuondoka kabla sijafanya hivyo. Kaa hapa chini."

Binti alikaa, roho yake kwatu. Msusi alimpaka mafuta kichwani, akarudia, akashuka shingoni na nyuma ya masikio. Alisuka kimya, bila haraka, mistari imenyooka kweli. Bandani, Bonge alikuwa akilialia.

"Mbona mafuta mengi hivyo, mama mdogo?"

"Nywele zako zimekauka. Usizioshe upesi, acha yaingie." Alifunga utepe mwishoni mwa msuko, akafuta vidole. "Na yule mbwa mvue kola, mwanangu. Shingo imeoza pale. Mimi ndiyo nakwenda, hana tena wa kumtolea meno."

"Kweli kabisa. Nenda salama."

Binti alisubiri geti lirudishwe, kisha akaenda bandani akiimba. Bonge alikuwa amejibana kwenye kona, anatetemeka vilevile.

"Ameshaenda, mjinga wewe," alimwambia. Akapiga magoti, akafungua kola, akaitupa nje pamoja na rimoti. Misuko mipya ikamwangukia Bonge puani.

Mbwa alinusa. Akaacha kutetemeka.

Msusi alikuwa bado amesimama nje. Aliposikia ukelele wa kwanza alipenyeza mkono kwenye tundu la geti, akasukuma komeo la ndani hadi mwisho, asiingie mtu, akachukua kapu lake na kwenda kufungua saluni.