Runinga Yenye Masikio

Jeneza lilitokea dakika ya themanini na nane, mpira ukiwa umewekwa tayari kwa penalti. Lilikuwa la mvule, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, likafunika skrini nzima. Sauti ya mama mpole ikasema ni vyema mtu achague lake mapema, familia isije ikahangaika.

Tangazo lilipokwisha, wachezaji walikuwa wanakumbatiana na kocha mmoja analia.

“Ephantus,” rafiki yake Muigai akasema taratibu, “kuna kitu daktari amekwambia na hujatuambia?”

Omondi, aliyefanya kazi na Ephantus kiwandani Thika miaka kumi na miwili, akavua kofia.

Ephantus akang'oa plagi ukutani.

Msiba wa kujitakia hauna kilio, na huu alijitakia mwenyewe. Miezi mitatu nyuma alileta nyumbani kwake Gatongora runinga ya inchi sitini na tano, pana kuliko dirisha la sebule, akawaalika marafiki kabla hata hajaitoa kwenye katoni. Wageni wameshaketi, runinga ikadai akaunti. Ephantus hakukumbuka paswadi yake hata herufi moja, kwa hiyo Beth, mkewe, akaweka akaunti yake yeye ili watu wasikose mpira. Kisha yakaja masharti, kurasa thelathini na nane. Ephantus akabonyeza NAKUBALI kwa kasi ya mtu anayeitikia amina mahubiri yakirefuka.

Beth alishona sare za shule, na cherehani yake ilikaa kando ya hiyo runinga.

“Tangu hii kitu iingie kwa nyumba,” alimwambia wiki ya pili, “sauti yako naisikia tu ukiitisha chai.”

Ephantus alimsikia vizuri. Tena ilimkumbusha chai.

Ndipo matangazo yakaanza kumjua. Jumatatu alilalamika mbele ya Beth kwamba goti linamuuma, na Jumanne ikaja dawa ya goti. Siku nyingine alijitazama utosi kwenye kioo, akaguna, na kesho yake yakaja mafuta ya kuotesha nywele, pamoja na bwana mmoja aliyefanana naye kabisa kwa nyuma. Siku hiyo Muigai alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kitambaa cha kochi.

Ephantus alipiga simu kwa kampuni ya runinga. Msichana wa huko akamweleza kwa adabu kwamba matangazo hayaondolewi, na kwamba akikataa masharti sasa, runinga itamwonyesha picha ya maporomoko ya maji, basi.

“Hayo maji yatakuwa yanasonga?”

“Hapana, mzee. Yametulia.”

Baada ya lile jeneza, Ephantus alivaa miwani akayasoma masharti yote, kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema matangazo huchaguliwa kulingana na mambo ya mwenye akaunti. Akaupita. Ukurasa wa ishirini na moja ulisema kifaa chaweza kupokea sauti. Hapo akaweka kidole.

“Inatusikiliza! Si wiki jana nilisema hapa hapa kwamba hii kazi itaniua?”

Beth, ambaye haamini hata utabiri wa mvua mpaka alowe, aliafiki papo hapo.

“Basi Baba Wakonyo, tukiwa na neno, tutoke nje.”

Walianzia kwenye kamba ya nguo. Wiki iliyofuata wakafika barabarani, kisha mpaka dukani na kurudi, jua likiwa bado liko juu. Ephantus alijikuta anamwambia mkewe jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba kiwandani imeletwa mashine mpya na anaogopa itamwondoa. Beth naye akamwambia kwamba tangu Wakonyo, kitinda mimba wao, aolewe Nakuru, nyumba imekuwa kimya hadi yeye huzungumza na cherehani. Ephantus aliona haya. Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwa hiyo cherehani miezi mitatu mizima, akitazama wanaume wengine wakikimbia.

Jumamosi akampeleka kwenye maporomoko ya Chania. Walikula chipsi kwenye bustani ya ile hoteli ya zamani, maji yakinguruma mbele yao.

“Haya angalau yanasonga,” alisema, na Beth akacheka hadi akafuta macho. Ephantus hakukumbuka mara ya mwisho kumchekesha kwa kusudi.

Lakini mtu ni mtu. Saa nane ilipofika, goti lake lisilouma likaanza kutikisika.

“Mama Wakonyo, tukitoka sasa tutaiwahi ile mechi ya saa kumi. Nimewaalika akina Muigai. Hata Mchungaji Githae atakuja.”

“Na masikio ya hiyo TV?”

“Tutatazama tu. Hakuna mtu atasema neno.”

Beth hakubishana. Alishika simu yake, akabofya kidogo, kisha akampa.

“Sawa. Nipige picha kwanza, ndiyo twende.”

Kamera haikuwa imefunguliwa. Kwenye skrini palikuwa na orodha ya mambo aliyoyatafuta mwenye simu, kwa akaunti ile ile ya runinga. Chini kabisa, dawa ya goti. Juu yake, mafuta ya upara. Juu yake tena, majeneza ya mvule. Na juu ya yote, dakika moja iliyopita: kupima tezi dume kwa kidole, Thika.

Ephantus akainua macho. Beth alikuwa ameshasimama mbele ya maporomoko, mkono kiunoni, anatabasamu.

Akampiga picha tatu. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akampigia Mchungaji, akamwambia kwamba mpira wa leo wautazamie kwa Muigai.